Jedwali la ligi: kutoka 1888 hadi lahajedwali la Kisii

Leo naweka PHP na hifadhidata kando nizungumzie kitu ambacho wengi wenu hukitazama kila Jumatatu asubuhi bila kujiuliza kilitoka wapi: msimamo wa ligi. Huu ni mwaka wa tatu nikiweka hesabu za ligi moja ndogo ya huku kwetu, yenye timu za Kisii na chache za upande wa Nyamira. Jina lake naliacha, maana viongozi hawakunituma kuwatangaza. Timu ni 14, kila moja hukutana na mwenzake nyumbani na ugenini, kwa hivyo mechi ni 182 kwa msimu. Katibu wa ligi, ambaye ni mwalimu, ana daftari. Mimi nina lahajedwali.

Marafiki zangu wa chuo wakisikia hivyo hucheka. Mtu na digrii yake ya kompyuta anajumlisha mabao! Wanadhani ni kazi ya dakika tano. Kujumlisha ni dakika tano kweli. Kinachochukua muda ni kujua unajumlisha nini, na hapo ndipo nilipoanza kusoma historia, kwa sababu kila safu ya jedwali hilo ina ugomvi wake wa zamani.

Tuanzie Uingereza. Ligi ya kwanza ya kandanda ilianza tarehe 8 Septemba 1888 ikiwa na vilabu 12, kwa juhudi za William McGregor wa Aston Villa. Cha kuchekesha ni kwamba walianza kucheza kabla ya kukubaliana jinsi ya kuhesabu alama. Mechi zilikuwa zimeshapigwa wiki kadhaa ndipo wakakaa kikao mwezi Novemba na kuamua: ushindi alama 2, sare alama 1. Kulikuwa na waliotaka ushindi pekee ndio uhesabiwe, sare isilete chochote. Sisi waandishi wa programu tunaijua sana hali hii. Mteja anaingiza data mwezi mzima, kisha anakuja kukuambia ripoti anayotaka ifananeje.

Msimu huo haukuwa na utata kwa sababu Preston North End walimaliza mechi 22 bila kushindwa, 18 wakishinda na 4 wakitoka sare, alama 40. Bingwa wa namna hiyo hahitaji kanuni nzuri. Kanuni huonekana ubovu wake watu wawili wanapolingana.

Kwa walioshikana alama, Waingereza walitumia wastani wa mabao: mabao ya kufunga unayagawanya kwa mabao ya kufungwa. Jaribu kuiweka hesabu hiyo kwenye tarakilishi. Timu ambayo haijafungwa hata bao moja inakupa #DIV/0!, yaani ulinzi bora kabisa katika ligi unaleta kosa kwenye skrini. Zaidi ya hapo, wastani humpendelea anayefungwa kidogo. Kufunga 2 na kufungwa 1 ni sawa na kufunga 40 na kufungwa 20.

Msimu wa 1923-24 ndio mfano ninaoupenda. Huddersfield Town na Cardiff City walimaliza wote na alama 57. Huddersfield walikuwa wamefunga 60 na kufungwa 33. Cardiff wamefunga 61 na kufungwa 34. Gawanya: Huddersfield 1.818, Cardiff 1.794. Huddersfield wakachukua kombe. Siku ya mwisho Cardiff walitoka sare tasa na Birmingham, na mchezaji wao Len Davies alikosa penalti. Hadi leo Cardiff hawajawahi kuwa mabingwa wa Uingereza.

Sasa tazama lahajedwali langu linavyosema. Mimi hupanga timu kwa namba moja tu, inayojengwa hivi:

=I2*1000000+H2*1000+F2

Safu ya I ni alama, H ni tofauti ya mabao, F ni mabao ya kufunga. Alama zinakaa kwenye mamilioni, tofauti kwenye maelfu, mabao ya kufunga mwishoni. Kanuni nzima ya ligi imeingia ndani ya namba moja, na hata tofauti ikiwa chini ya sifuri hesabu haiharibiki. Wapeleke wale wawili wa 1924 humo: Huddersfield 57,027,060. Cardiff 57,027,061. Tofauti yao ya mabao ni 27 kwa 27, na Cardiff wanakuwa mabingwa kwa bao moja la kufunga.

Lakini usiwapigie Cardiff vigelegele bado. Huddersfield walishinda mechi 23 na kutoka sare 11. Cardiff walishinda 22 na sare 13. Ukiweka alama 3 kwa ushindi kama tunavyofanya leo, Huddersfield wana 80 na Cardiff 79. Matokeo ni yale yale, mechi 42 kila mmoja, hakuna bao lililoongezwa, na bingwa anabadilika mara mbili kulingana na seli unayoigusa.

Uingereza iliacha wastani na kuhamia tofauti ya mabao msimu wa 1976-77. Miaka 13 baadaye, tarehe 26 Mei 1989, Arsenal walikwenda Anfield na kuwalaza Liverpool 2-0, bao la pili likiingia dakika za nyongeza. Wote wawili wakamaliza na alama 76, wote tofauti ya 37, Arsenal wakiwa na mabao 73 na Liverpool 65. Kwa wastani wa zamani Liverpool ndio wangekuwa mabingwa, kwa kuwa walifungwa 28 tu na Arsenal 36. Mashabiki wa Arsenal wa hapa Kisii, na ni wengi, nikiwaambia hivyo hunitazama kama nimetukana mama wa mtu.

Alama 3 kwa ushindi zilianza Uingereza 1981, Jimmy Hill akiwa ndiye aliyezipigia debe sana, ili timu ziache kuridhika na sare. Kombe la Dunia lilifuata 1994.

Na Kenya? Ligi yetu ya taifa ilianza 1963 na bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All-Stars. Mwaka 2022 tulipata Huddersfield na Cardiff wetu: Tusker na Kakamega Homeboyz walimaliza na alama 63 kila mmoja, Tusker wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Tena ligi hiyo ilikuwa ikiendeshwa na kamati iliyoteuliwa na Wizara ya Michezo, huku FIFA ikiwa imeisimamisha Kenya tangu Februari mwaka huo. Mapema 2015 mambo yalikuwa mabaya zaidi: shirikisho na kampuni iliyoendesha Ligi Kuu walizozana kama timu ziwe 16 au 18, kila upande ukaanzisha ligi yake. Hakuna fomula inayoweza kukusaidia ukiwa na majedwali mawili ya ligi moja.

Turudi kwenye chombo chenyewe. Lahajedwali lilianza kama karatasi kubwa ya wahasibu iliyotandazwa juu ya kurasa mbili za daftari. Mwaka 1978 Dan Bricklin, mwanafunzi wa biashara pale Harvard, alitafakari shida ya mtu anayeandika hesabu ubaoni: akibadilisha namba moja, inambidi afute na kuandika upya zote zinazoitegemea. Yeye na Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, ikauzwa 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Lotus 1-2-3 ikafuata 1983, na Excel 1985 kwenye Macintosh kisha 1987 kwenye Windows.

Shida ya Bricklin ndiyo shida ya katibu wa ligi, neno kwa neno. Mwalimu wetu kila raundi ikiisha alifungua ukurasa mpya, akachukua jedwali la wiki iliyopita, akaongeza ya wiki hii, akapanga upya timu. Kosa la raundi ya tatu linasafiri salama salimini hadi raundi ya 26, na hakuna anayeweza kulifuata lilikoanzia. Ndiyo maana kwenye faili langu jedwali haliandikwi kwa mkono hata kidogo. Kuna karatasi moja inaitwa Matokeo, mstari mmoja kwa kila mechi: tarehe, timu ya nyumbani, mabao yake, mabao ya wageni, timu ya ugenini. Jedwali huchota humo. Ukirekebisha bao moja la mwezi Machi, msimamo wote unajipanga.

Mitego ipo, na naiandika hapa kwa faida ya yeyote anayetaka kuijaribu nyumbani. Mkubwa zaidi ni mechi ambazo hazijachezwa. Kisii mvua hunyesha alasiri karibu mwaka mzima, viwanja vingi ni vya shule na viko kwenye mteremko, kwa hivyo viporo havikosi. Seli tupu kwa tarakilishi ni sawa na seli tupu nyingine, na ukiuliza kama mabao ya nyumbani ni sawa na ya ugenini itakujibu ndiyo. Mechi ambayo mvua iliizuia inahesabiwa sare tasa na kila timu inapata alama ya bwerere. Dawa yake ni kuuliza kwanza kama kuna namba pale:

=SUMPRODUCT((Matokeo!B$2:B$500=A2)*ISNUMBER(Matokeo!C$2:C$500)*(Matokeo!C$2:C$500=Matokeo!D$2:D$500))

Hizo ni sare za nyumbani. Za ugenini unaandika hivyo hivyo ukibadilisha safu ya timu. Mtego wa pili ni majina. Nafasi moja iliyoachwa baada ya neno Keroka inaumba timu mpya isiyojulikana na mtu. Weka orodha ya kuchagua, usimwachie mtu achape. Na mkiwa mnacheka kuhusu Keroka, kumbukeni mji huo wenyewe umekaa juu ya mpaka wa kaunti mbili, Kisii na Nyamira, ambazo zimegombania ushuru wake tangu ugatuzi uanze 2013. Hata lahajedwali haliwezi kukuambia timu ya pale ni ya nani.

Mtego wa tatu hauna fomula. Ni timu kukosa kufika uwanjani.

Majirani zetu wa Awendo wanaujua. SoNy Sugar walikuwa mabingwa wa Kenya mwaka 2006. Novemba 2019 timu hiyo hiyo ilitupwa nje ya Ligi Kuu baada ya kukosa kufika kwa mechi tatu, pesa zikiwa zimeisha, na matokeo yake yote yakafutwa. Ligi ya timu 18 ina mechi 306; ukitoa timu moja zinabaki 272. Mechi 34 zinatoweka, zikiwemo zile zilizochezwa kwa jasho mbele ya watu waliolipa kiingilio. Aliyekuwa amewafunga SoNy mabao mengi alipoteza mabao hayo, aliyekuwa amefungwa nao akafurahi. Kwa anayetumia daftari hiyo ni kuanza ligi upya kwa kalamu. Kwangu mimi ni safu moja ya ziada inayosema mechi inahesabiwa au la, na kila fomula inaizidisha. Mstari haufutwi. Mechi ilichezwa, watu waliiona, na miaka kumi baadaye mtu atauliza.

Kwa ligi ndogo kama yetu swali huja kwa sura nyingine: ushindi wa mezani una mabao mangapi? FIFA husema 3-0. Kanuni zetu zilisema tu kwamba timu iliyofika itapewa ushindi. Hazikutaja mabao. Mwalimu alikuwa akiandika 2-0 na msaidizi wake 3-0, kila mmoja kwa alivyozoea.

Msimu uliopita timu mbili zilimaliza kileleni na alama sawa, na nafasi ya kupanda daraja ilikuwa moja. Kwa daftari, ya kwanza ilikuwa na tofauti ya mabao 19, ya pili 18. Ila ile ya kwanza ilikuwa na ushindi mmoja wa mezani, ulioandikwa 3-0, na ile ya pili alikuwa nao miwili, yote 2-0. Ukiandika yote 3-0, ya kwanza inabaki 19 na ya pili inapanda hadi 20. Ukiandika yote 2-0, wanalingana 18 kwa 18 na inabidi uangalie mabao ya kufunga, ambako ya kwanza ilikuwa mbele.

Kikao kilifanyika katika chumba cha walimu cha shule moja. Nilifungua laptopu nikawaonyesha majedwali yote mawili, moja baada ya jingine, kwa kubadilisha seli moja. Kimya kilichofuata sikukipenda. Kila aliyekuwa pale aliona wazi kwamba wanachagua kanuni wakiwa tayari wanajua itampa nani. Novemba 1888 nao walikuwa kwenye kikao cha namna hiyo hiyo, ligi ikiwa njiani.

Kamati ilichagua 3-0 kwa hoja kwamba ndiyo ya FIFA. Kocha wa timu iliyokosa, mzee aliyefundisha vijana wa huku tangu mimi sijazaliwa, alinigeukia.

"Kijana, timu yangu imeshindwa na mashine?"

"Hapana mzee. Mashine imehesabu tu walichoamua wazee wenzako."

"Basi nipe ile orodha. Jedwali lako silitaki. Nipe mechi."

Nikamchapishia kurasa zote. Alikaa nazo jioni mbili na kalamu, akafuata mstari kwa mstari, akaniita mara mbili kuniuliza kuhusu mechi za Nyansiongo na Suneka, tukalinganisha na ripoti za marefa. Hakukuta kosa. Alitia sahihi mwishoni. Timu yake msimu huu bado iko nasi, na hatusalimiani sana na mweka hazina.

Tangu hapo faili ina karatasi ya tatu, Kanuni. Ina seli chache: alama za ushindi, alama za sare, mabao ya ushindi wa mezani, na nini kinatangulia walioshikana wakilingana. Fomula zote husoma huko. Huchapishwa na kutiwa sahihi na timu zote 14 kabla ya mechi ya kwanza, kisha naifunga kwa nenosiri ambalo analo mwalimu, mimi sinalo. Baadhi ya timu zilitaka matokeo ya walipokutana yatangulie tofauti ya mabao, kama ilivyo Hispania na Italia. Walishindwa kwa kura, lakini walishindwa mwezi Januari, na hakuna aliyejua atakayeumia.

Kuna jambo jingine linanikera, nalo ni kubwa kuliko ligi yetu. Shabana FC ilianzishwa hapa Kisii 1980, jina likitokana na duka la vifaa vya ujenzi. Ilicheza ligi ya juu, ikashuka 2006, mwaka ule ule SoNy walipokuwa mabingwa, ikarudi 2023 pamoja na Murang'a Seal. Katikati kuna miaka 17. Vijana walizaliwa, wakamaliza shule, bila kuiona Shabana Ligi Kuu pale Gusii Stadium. Ukitaka kujua Arsenal walifunga mangapi 1989 ni sekunde mbili mtandaoni. Ukitaka Shabana ilimaliza ya ngapi katika ligi za chini mwaka fulani, walimfunga nani, nani hakufika, unaanza kupiga simu. Sehemu kubwa ya historia hiyo iko kwenye madaftari ya makatibu, na madaftari yana panya.

Nimeanza faili moja tu kwa ajili hiyo, mstari mmoja kwa kila mechi, safu zile zile, pamoja na safu ya ziada inayosema habari imetoka wapi: gazeti, daftari, au mdomo wa mtu. Za mdomo zinakaa kwa rangi ya manjano hadi zipate shahidi wa pili. Majedwali ya misimu hiyo sina haja nayo. Nikipata mechi, jedwali nitalipata mwenyewe.

Kwa hivyo kama baba yako au mjomba wako aliwahi kuwa katibu, refa au kamisaa wa mechi upande wa Kisii, Ogembo, Keroka, Manga au Nyamira, tafadhali angalia juu ya kabati. Usinipe daftari lenyewe, piga picha kurasa zote, hata zile zilizolowa. Ninazohitaji zaidi ni za 2007 hadi 2013.